Mgonjwa Aliyekatiwa Tamaa: Je, Sharia Inamruhusu Kusaidiwa Kufa?

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), Muumba wa mauti na uhai. Rehema na amani zimfikie Mtume Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, Masahaba zake na kila aliyewafuata kwa wema hadi Siku ya Malipo. Ama baad:

Waislamu wenye asili ya mwambao wetu wanaoishi Uingereza, na miongoni mwao wamo wauguzi, madaktari na watunza wazee, wamekuwa wakiwauliza masheikh swali ambalo babu zetu hawakuulizwa kwa sura hii. Mgonjwa ambaye madaktari wamemkatia tamaa, naye ana akili timamu na serikali imemruhusu, je, anaweza kuomba dawa ya kumuua akainywa? Na yule anayempa ana hukumu gani? Kusema "haramu" na kunyamaza hakumtoshi mwanafunzi, wala hakumfai imamu aliyeitwa kando ya kitanda cha mgonjwa. Kwa hiyo tumeona tulieleze jambo hili kwa urefu kidogo.

Wanazuoni wamesema kwamba kulihukumu jambo ni tawi la kulifahamu, basi na tuanze na muswada wenyewe. Mnamo Oktoba 2024 mbunge Kim Leadbeater aliwasilisha katika bunge la chini la Uingereza muswada wa sheria kwa ajili ya England na Wales, unaohusu watu wazima wenye maradhi ya kufisha. Muswada wa namna hiyo uliwahi kuletwa mwaka 2015, na wabunge 330 wakaukataa dhidi ya 118. Tarehe 29 Novemba 2024 huu mpya ulikubaliwa kwa kura 330 dhidi ya 275. Tazama, ndugu msomaji, miaka tisa tu imepita na idadi ile ile iliyokuwa ya kukataa imekuwa ya kukubali! Tarehe 20 Juni 2025 ukapita tena bungeni kwa kura 314 dhidi ya 291, kisha ukapelekwa katika bunge la juu la Malodi, ambako ulikutana na mapendekezo ya marekebisho zaidi ya elfu moja. Miswada hii ina tabia moja: ikianguka, hurudi. Wala si huko peke yake. Katika jimbo la Oregon, Marekani, wananchi waliipigia kura sheria kama hii mwaka 1994, nayo ikaanza kutumika 1997. Uholanzi na Ubelgiji zikafuata mwaka 2002, Kanada 2016, na New Zealand na Hispania 2021.

Masharti ya muswada wa England, kama ulivyotoka katika bunge la chini, ni haya. Mtu awe na umri wa miaka 18 au zaidi, awe mkaazi wa huko kwa muda usiopungua mwaka, awe na akili ya kuamua, na maradhi yake yawe ni ya kutarajiwa kumuua ndani ya miezi sita. Madaktari wawili wamchunguze mmoja baada ya mwingine, na baina yao zipite siku saba. Kisha jambo lipelekwe mbele ya jopo la watu watatu: mwanasheria, daktari wa maradhi ya akili na afisa wa ustawi wa jamii. (Mwanzoni ilikuwa ni jaji wa Mahakama Kuu, wakabadilisha mwaka 2025.) Likikubaliwa, zipite siku 14 za kutafakari, ambazo hupunguzwa kuwa saa 48 ikiwa mauti yamekaribia sana. Ndipo daktari humletea dawa, na mgonjwa huinywa kwa mkono wake mwenyewe. Daktari haruhusiwi kumnywesha wala kumpiga sindano. Kwa Uholanzi, Ubelgiji na Kanada, daktari huruhusiwa. Ishike tofauti hii, maana tutaihitaji mbele.

Dalili za asli ya jambo hili hazina mjadala. Allah (S.W.) amekataza mtu kuiua nafsi yake katika Suratun Nisaa aya ya 29, amekataza kujitia katika maangamizo kwa mikono yetu katika Suratul Baqara aya ya 195, na amekataza kuiua nafsi Aliyoiharamisha isipokuwa kwa haki katika Suratul Israa aya ya 33. Lakini mwanafunzi wa leo atakwambia: "Sheikh, aya hizi zinamzungumzia mtu mzima wa afya aliyekata tamaa ya maisha. Mimi nakuuliza juu ya mgonjwa anayeungua kwa maumivu." Jawabu lake ni kuwa Hadithi zilizopokewa zinamzungumzia huyo huyo mgonjwa. Amepokea Jundub bin Abdillah (r.a.), katika Sahihi ya Bukhari, kisa cha mtu wa umma uliotangulia aliyekuwa na jeraha. Hakuweza kustahamili, akachukua kisu akaukata mkono wake, na damu haikukatika mpaka akafa. Allah akamhukumu kuwa ameiharakia nafsi yake, akamharamishia Pepo. Na amepokea Sahl bin Saad (r.a.) kisa cha mpiganaji shujaa aliyejeruhiwa vibaya vitani, akauegemea upanga wake ili afe upesi. Wote wawili walikuwa na maumivu makali, na wote wawili walifanya haraka. Hilo la kuharakisha ndilo lililokatazwa, si kuchukia maumivu.

Hata kuyaomba mauti kwa ajili ya dhara iliyompata mtu kumekatazwa katika Hadithi ya Anas (r.a.). Mwenye kuzidiwa kabisa amefundishwa aombe abakishwe maadamu uhai ni kheri kwake, na afishwe ikiwa mauti ndiyo kheri kwake. Khabbab bin al-Aratt (r.a.), aliyekuwa amechomwa moto wa tiba mara saba, alipotembelewa alieleza kwamba lau si katazo la Mtume (S.A.W.) angaliyaomba mauti. Swahaba mkubwa huyu hakuficha kuwa ameumia. Nalisema hili kwa sababu wapo miongoni mwetu wanaomkemea mgonjwa kwa kulia, kana kwamba machozi yanavunja imani.

Kauli ya mafaqihi wetu

Katika madhehebu yetu ya Shafii mas-ala haya yameandikwa wazi zaidi kuliko wengi wanavyodhani. Sheikhul Islam Zakariyya al-Ansari (aliyefariki mwaka 926 Hijria), katika Asnal Matalib, kitabu alichoisherehesha Raudhut Talib ya Ibn al-Muqri wa Yemen, mahali panapozungumzwa kukata uvimbe mwilini, ameeleza kuwa ni haramu kwa mwenye maumivu kuyaharakisha mauti hata kama maumivu ni makubwa na hayastahamiliki. Sababu anayoitaja ni kwamba kupona kwake bado kunatarajiwa.

Hapa ndipo mwanafunzi mwerevu atakapoingilia: "Ikiwa illa ni matarajio ya kupona, basi huyu wa miezi sita hatarajiwi tena. Illa ikiondoka, si hukumu nayo huondoka?" Ni hoja ya kuheshimiwa, na jawabu lake lina pande mbili. Kwanza, miezi sita ya daktari ni dhana. Kila aliyekaa na wagonjwa anamjua aliyeambiwa mwezi mmoja akaishi mwaka, na aliyeambiwa mwaka akafa Ijumaa ile ile. Pili, na hii ndiyo nguzo, makatazo ya Hadithi hayakufungwa kwa sharti la kutarajiwa kupona. Mpiganaji yule wa Hadithi ya Sahl alikuwa na jeraha kali, wala haikuulizwa kama angepona au la. Maneno ya Sheikh Zakariyya yanaeleza hekima mojawapo, na hekima ya faqihi haiwezi kuifunga nassi iliyo wazi.

Baada ya hapo Sheikh anataja sura nyingine, na wenye kutaka kuhalalisha wataishika hiyo. Mtu amezungukwa na moto anaojua kuwa hataokoka nao, akajitupa kwenye maji yatakayomzamisha kwa kuona ni mepesi kuliko kuungua. Huyo anaruhusiwa. Mas-ala haya ni ya zamani. Ibn Qudama ameyataja katika al-Mughni kwa mfano wa jahazi lililoshika moto, na akanukuu kutoka kwa al-Awzai kwamba hayo ni mauti mawili, basi achague jepesi lake, na kwa Imam Ahmad ana riwaya mbili. Je, mgonjwa wa saratani si kama mtu wa jahazini?

Hapana, si kama yeye. Mtu wa jahazini anaikimbia sababu ya mauti iliyomshika saa ile ile, na bahari anayoiendea haikuwekwa na mtu ili imuue. Huenda akapata ubao, huenda akaokotwa. Mgonjwa yuko baina ya maradhi na kitanda chake, hakuna bahari. Kikombe ndicho kinacholetwa, nacho hakina kazi nyingine ila kuua. Tena Sheikh Zakariyya ameyataja mawili haya mahali pamoja, akamkataza mwenye maumivu na akamruhusu wa motoni, jambo linaloonyesha kuwa kwake si kitu kimoja.

Idhini ya mwenyewe

Hoja kubwa ya watetezi wa miswada hii ni idhini. Wanasema: mwili ni wake, uhai ni wake, naye ameridhia. Na hapa nawaasa wanafunzi wasikurupuke, kwa sababu idhini ina athari katika fiqhi yetu. Imam Nawawi katika Minhaj ameeleza kwamba mtu mwenye akili akimwambia mwingine "niue" akamuua, damu hiyo haina qisas, na kwa kauli yenye nguvu haina hata dia. Vile vile mafaqihi wamezungumza juu ya anayemkaribisha mwenzake chakula chenye sumu: mgeni akiwa ni mtu mzima mwenye akili, akajua kuwa ni sumu na bado akala, basi mgeni ndiye aliyejiua, na mwenyeji hauawi kwa ajili yake. Hii ndiyo ile sura ya kikombe katika muswada wa England, imeandikwa vitabuni karne nyingi kabla ya bunge hilo kuijadili.

Basi asije mtu akadhani kuwa amepata fat-wa. Kuanguka kwa qisas ni hukumu ya kadhi na ya warithi, kwa kuwa haki yao imeingiwa na shubha ya idhini. Haki ya Allah (S.W.) imebaki pale pale: kitendo ni haramu, mwenye kuua ana dhambi ya kuua, na kafara iko juu yake kwa kauli sahihi. Katika madhehebu yetu hata mwenye kujiua mwenyewe huwajibikiwa na kafara katika mali aliyoiacha, ingawa kuna rai ya pili. Lau nafsi ingekuwa mali ya mwenyewe kama nguo yake, kafara hii ingetoka wapi? Ama aliyetengeneza kikombe na kukileta, anaingia katika katazo la kusaidiana katika dhambi na uadui, Suratul Maida aya ya 2. Na mrithi aliyemnywesha mgonjwa wake kwa mkono wake harithi chochote kwake, kwa kuwa kwa Imam Shafii muuaji harithi kwa hali yoyote, hata pale qisas ilipoanguka.

Wala ugumu wa maradhi hauingii katika mlango wa dharura. Maulamaa wamekubaliana kwamba hata aliyetishiwa kuuawa haruhusiwi kumuua asiye na hatia ili ajiokoe. Vipi basi maumivu yaruhusu?

Kuhofu kuwa mzigo

Taarifa zinazotolewa kila mwaka na jimbo la Oregon zinaandika sababu walizozitaja waliotumia sheria hiyo. Msomaji angetarajia maumivu yawe ya kwanza. Sivyo. Zinazoongoza ni kupoteza uwezo wa kujiamulia mambo, kushindwa kufanya yale yaliyoyafurahisha maisha, na kuona heshima imeondoka. Kuogopa kuwa mzigo kwa jamaa na walezi kumekuwa juu ya maumivu katika orodha hizo.

Neno hilo "mzigo" ndilo lililonishughulisha kuliko kura zote za bungeni. Mama yetu mzee akisema "nimekuwa mzigo kwenu", kwa kawaida anauliza, hajakata shauri. Anangoja aambiwe siyo. Sheria inayoweka fomu mezani hulijibu swali lake kwa namna nyingine, hata kama waliyoitunga wana nia njema na wameweka adhabu kwa mwenye kumshinikiza mgonjwa. Hakuna jopo linaloweza kusikia shinikizo la mtoto asiyekuja kumtazama mzazi wake. Na mlango ukifunguliwa hupanuka: Kanada ilianza mwaka 2016 na wale ambao mauti yao yalikuwa yakitarajiwa, na mwaka 2021 sharti hilo likaondolewa kwa wengine; kuwaingiza wenye maradhi ya akili pekee kukaahirishwa mwaka 2024 hadi Machi 2027. Wenye elimu ya usuli wataitambua hapa kanuni ya kuziba njia, sadd adh-dharai. Haikuwa dini peke yake iliyoyaona haya. Miongoni mwa waliopinga alikuwamo waziri wa afya wa wakati huo, Wes Streeting, kwa kuhofia hali ya huduma za wanaokaribia kufa. Aliyekuwa Waziri wa Sheria, Shabana Mahmood, ambaye ni Muislamu, aliwaandikia watu wa jimbo lake mwaka 2024 kuwaeleza upinzani wake.

Yasiyokatazwa

Sasa tufike mahali ambapo watu wetu wanachanganya, na mchanganyiko huo unaumiza wagonjwa. Kukataa kuharakisha mauti hakuna maana ya kulazimisha kila mashine na kila sindano.

Kujitibu katika madhehebu ya Shafii ni sunna kwa asli yake, kwa amri ya kujitibu iliyomo katika Hadithi ya Usama bin Sharik (r.a.), si wajibu. Mwanamke mwenye kifafa katika Hadithi ya Ibn Abbas (r.a.) alihiyarishwa baina ya kuombewa apone na kusubiri apate Pepo, akachagua kusubiri. Kwa hiyo mgonjwa wa saratani akisema "sitaki tena dawa hizi za kuniangusha nywele na kunitapisha, nirudisheni nyumbani kwangu", hajajiua. Maradhi yatamuua kwa wakati wake. Mwaka 1986 Baraza la Fiqhi la Kiislamu lililo chini ya jumuiya ya nchi za Kiislamu, katika kikao chake cha Amman, liliruhusu kuondoa mashine kwa ambaye ubongo wake umesimama kabisa na madaktari mabingwa wameamua hivyo. Chakula na maji ya kawaida ni jambo jingine. Hayo si dawa, na mgonjwa anayeweza kuyapokea hanyimwi.

Kisha maumivu. Mofini hutokana na afyuni, na kwa sababu hiyo wapo wanaoikataa kwa kudhani ni ulevi, na wapo wanaodhani kuwa kumpa mgonjwa ni kumuua polepole. Yote mawili si sahihi. Mafaqihi wetu wameruhusu kumpa mtu dawa ya kuondoa fahamu kwa ajili ya kukatwa kiungo kilichoharibika. Seuze dawa ya kumtuliza anayekufa. Dawa ikitolewa kwa kipimo cha maumivu, na nia ikawa kuyatuliza, basi hukumu hufuata makusudio, hata ikihofiwa kuwa itamdhoofisha. Anayezidisha kipimo kwa makusudi ili roho itoke, huyo ameua. Baina ya wawili hawa pana umbali mkubwa, na madaktari wa tiba shufaa wanaujua vizuri.

Uganda wametutangulia katika hili. Tangu Dkt. Anne Merriman alipoanzisha huduma ya wagonjwa mahututi mjini Kampala mwaka 1993, mofini ya kunywa imewafikia watu hadi vijijini, na mwaka 2004 wauguzi waliopata mafunzo wakaruhusiwa kuiandika wenyewe. Kwa Tanzania, Hospitali ya Ocean Road inajulikana kwa kazi hii. Lakini Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa katika dunia nzima ni asilimia 14 tu ya wanaohitaji tiba shufaa ndio wanaoipata. Imamu anayepanda mimbari kuipinga miswada ya Ulaya, na hajapata kuuliza kama mgonjwa wa mtaani kwake ana dawa ya maumivu usiku, amefanya nusu ya kazi.

Wafanyakazi wa Kiislamu na maiti ya aliyejiua

Kwa walioko huko: muswada wa England haumlazimishi daktari wala muuguzi kushiriki, basi haki hiyo ya kukataa itumike, tena kwa maandishi na kwa adabu. Kuandika dawa hiyo, kuichanganya au kumkabidhi mgonjwa hakujuzu. Kuthibitisha kwamba mgonjwa anastahiki kuipata nako ni kusaidia. Ama kumuosha mgonjwa huyo, kumgeuza, kumlisha na kumliwaza katika siku zake zilizobaki, hata kama amekwisha kuomba, hakuna ubaya. Ni wema, na huenda ukawa ndio sababu ya kubadili shauri lake. Akitaka maelezo, aelekezwe kwanza kwa madaktari wa tiba shufaa.

Na ikitokea Muislamu amekinywa kikombe hicho akafa? Hatoki katika Uislamu kwa dhambi hiyo, maadamu hakuihalalisha. Huoshwa, huvishwa sanda, huswaliwa na huzikwa pamoja na Waislamu. Ni kweli kwamba katika Hadithi ya Jabir bin Samura (r.a.) Mtume (S.A.W.) hakumswalia mtu aliyejiua kwa vyembe vya mishale. Imam Nawawi ameeleza kuwa jamhuri ya wanazuoni wameichukulia kuwa ni kukemea ili watu waogope, na kwamba Masahaba walimswalia. Umar bin Abdulaziz na al-Awzai wakaona asiswaliwe. Kwa hiyo sheikh mkubwa wa mji akijizuia kwa ajili ya kuonya, ana mwongozo, lakini maiti isiachwe bila ya kuswaliwa.

Tena katika Sahihi ya Muslim kuna Hadithi ya Jabir (r.a.) kuhusu mtu aliyehama na Tufail bin Amr ad-Dausi kwenda Madina. Akaugua, hakustahamili, akajikata maungio ya vidole kwa chembe cha mshale mpaka damu ikamwisha. Tufail akamwona usingizini yumo katika hali nzuri, amesamehewa kwa hijra yake, ila mikono yake ameifunika, kwani ameambiwa kuwa alichokiharibu mwenyewe hakitatengenezwa. Tufail akamsimulia Mtume (S.A.W.), naye akaiombea msamaha ile mikono. Kwa Hadithi hii imamu akifikiwa na jeneza kama hilo amwombee maiti, awaliwaze jamaa zake, na asitaje mbele yao namna alivyokufa. Kafara iliyo katika mali yake itazamwe kabla ya mirathi kugawiwa. Wallahu aalam.